Shetani Hajulikani kwa Rangi



Ninyi mnaojitayarisha kwa Ubatizo mmekwisha kujifunza ya kuwa Mungu aliumba malaika, na ya kuwa baadhi yao walimwasi, wakawa mashetani. Somo lenyewe ni fupi, nanyi mwalijua kwa moyo. Lakini mtu aweza kulijua kwa moyo, na siku ya ugomvi likamtoka kichwani kabisa. Kwa sababu hiyo leo twataka kulifungua kwa habari ya ndugu wawili wanaoshindana. Maana tangu zamani za Kaini na Abeli, watu wa kila nchi wakitaka kusimulia vita ya wema na ubaya, huwatwaa ndugu wawili wa damu moja, wakamvika mmoja vazi la malaika na mwingine vazi la shetani.

Watoto wenu waendao Kalemie mjini, kwa masomo au kwa kuuza samaki, wamekwisha kuviona vile vyumba ambamo vijana hulipa faranka chache na kukaa mbele ya televisheni wakicheza michezo ya video, madhali umeme wa Bendera upo. Wazee wengine husema michezo hiyo yote ni ya Shetani. Wengine husema ni upuzi wa watoto tu. Sisi hatusemi hivi wala vile kabla ya kutazama, kwani ndivyo alivyotufundisha Mtakatifu Paulo, tujaribu mambo yote na kushika lililo jema.

Basi tutazame mmoja wa michezo hiyo, ulio mashuhuri katika dunia nzima. Uliundwa Japani na kampuni iitwayo Capcom, ukatoka mara ya kwanza mwaka 2001. Jina lake ni Devil May Cry, maana yake, huenda hata shetani akalia. Ndani yake wamo mapacha wawili, Dante na Vergil. Baba yao ni shetani aitwaye Sparda, ambaye zamani aliwaasi mashetani wenzake akawatetea wanadamu. Mama yao ni mwanadamu, na jina lake ni Eva. Mwaona kwamba waliotunga hadithi hii walikwisha kuichungulia Biblia! Majina ya wana nayo yametoka mbali. Dante Alighieri alikuwa mshairi Mkristu wa Italia, aliyefariki mwaka 1321, naye alitunga utenzi mrefu juu ya jehanamu, toharani na mbinguni. Katika utenzi huo Vergili, mshairi wa kale wa Roma, ndiye anayemwongoza Dante katika giza kama mkubwa amwongozavyo mdogo wake. Lakini katika mchezo wa Wajapani hawaongozani. Wanapigana kwa panga.

Kisa chao ni hiki. Walipokuwa wadogo mashetani waliivamia nyumba yao wakamwua mama yao. Kila mmoja alikuwa na nusu ya kidani alichopewa na mama, na upanga alioachiwa na baba. Dante alikua akakaa kati ya wanadamu, na kazi yake ikawa kuwapiga mashetani. Ni mtu wa mizaha, mwenye madeni, si mtakatifu hata kidogo. Vergil alifikiri kwa namna nyingine. Alisema moyoni kwamba mama yao alikufa kwa sababu yeye alikuwa dhaifu, na kwamba mtu asiye na nguvu hawezi kulinda chochote. Kwa hiyo alitamani nguvu ya baba yake, nguvu ya kishetani, naye akawa tayari kufungua mlango wa kuzimu ili aipate, hata kama watu wa mji mzima wataangamia.

Sasa sikieni jambo la mavazi. Mmoja huvaa koti jekundu, mwingine koti la buluu. Mtu asiyejua kisa, ukimwonyesha picha zao na kumwuliza ni nani aliye upande wa Shetani, atajibu upesi: huyu mwekundu, rangi ya moto! Na yule wa buluu atamdhania wa mbinguni, kwa kuwa buluu ndiyo rangi ya vazi la Mama Bikira Maria katika picha zetu. Kumbe, mwekundu ndiye anayewatetea wanadamu, na wa buluu ndiye anayekifungua kuzimu.

Msidhani kwamba mambo hayo ni ya Japani peke yake. Huku kwetu, kabla hakijafika chombo chochote cha umeme, wazee wa Kiluba walikuwa wakisimulia habari za Nkongolo Mwamba na Kalala Ilunga, na ninyi mliotoka pande za Kabalo, Kongolo na Manono mlizisikia kwa babu zenu. Wasimulizi hawapatani katika kila jambo, lakini shina la habari ni moja. Nkongolo alikuwa mfalme mwekundu, mkali, mlevi, asiyeona haya. Alikula mbele ya watu na kucheka kinywa wazi. Jina lake ndilo jina la upinde wa mvua katika Kiluba, nao wazee waliuona upinde huo kuwa nyoka mkubwa anayeizuia mvua isinyeshe. Siku moja akaja mgeni kutoka mashariki, mwindaji wa ukoo wa kifalme, Mbidi Kiluwe. Huyo alikuwa mweusi wa kung'aa, mwenye adabu, asiyekula mbele ya macho ya watu. Mbidi aliwaoa dada zake Nkongolo, kisha akarudi kwao. Na mmoja wa dada hao, Bulanda, akamzaa Kalala Ilunga.

Mtoto akalelewa katika boma la mjomba wake. Akawa hodari kuliko wote kwa mbio, kwa ngoma na kwa michezo, akamshinda na mjomba mwenyewe mbele ya watu. Hapo ndipo wivu ulipoanza. (Wako wasemao kwamba mama yake Nkongolo alicheka alipomwona mwanawe ameshindwa mchezoni, naye Nkongolo kwa hasira akamzika hai. Wanaodhani kwamba ugomvi wa mchezo ni jambo dogo na wakumbuke hayo.) Nkongolo akachimba shimo, akasimamisha mikuki ndani yake, akalifunika kwa mkeka, akampigia mpwa wake ngoma aje acheze juu yake. Lakini mganga Mijibu, aliyekuwapo ngomani, alimwonya kijana. Kalala akaurusha mkuki wake, ukatoboa mkeka, shimo likaonekana. Naye akakimbia, akavuka Lualaba mpaka kwa baba yake. Baadaye alirudi na jeshi. Nkongolo alikamatwa, akakatwa kichwa, na Kalala Ilunga akashika ufalme.

Mmeona? Katika hadithi ya wazee wetu mweusi ndiye mwenye heri, na mwekundu ndiye mwovu. Katika hadithi ya Wajapani mwekundu ndiye mtetezi. Na katika picha za katekisimu zilizochorwa Ulaya zamani, zile kubwa ambazo katekista alizitundika ukutani, malaika walipakwa rangi nyeupe na mashetani rangi nyeusi. Twataka kusema waziwazi juu ya picha hizo, kwa sababu wako Wakristu wa nchi hii waliozitazama wakahuzunika, wakijiuliza kwa nini Shetani amepewa ngozi yao. Walikuwa na haki ya kuhuzunika. Wachoraji walichora desturi ya kwao. Kanisa halikufundisha kamwe kwamba Shetani ana rangi. Shetani ni roho. Hana mwili, hana ngozi, hana pembe wala mkia. Malaika nao ni roho tupu, na yale mabawa ni alama tu ya kutuonyesha jinsi wanavyotumwa na Mungu upesi. Na Mungu, alipotaka kumpata padri wa kwanza wa Kongo yote, alimchagua katika nchi hii yetu ya ziwa: Stefano Kaoze, Mtabwa, aliyepadirishwa Baudouinville, ndiyo Kirungu ya leo, mwaka 1917.

Hata upinde wa mvua ni shahidi wa jambo hili. Waluba walimwona nyoka ndani yake, na Watabwa nao wana habari za nyoka mkubwa wa upinde. Kumbe Maandiko Matakatifu yasimulia kwamba baada ya gharika Mungu aliuweka upinde uleule mawinguni uwe alama ya agano lake na Noe na kila kiumbe chenye uhai. Upinde haukubadilika. Twamjua wa Mungu na wa Shetani kwa matendo na kwa mapenzi ya moyo. Mtakatifu Paulo, akiwaandikia Wakorinto mara ya pili, aonya kwamba Shetani mwenyewe huweza kujifanya malaika wa mwanga. Kama Shetani aweza kuvaa mwanga, nani atakayemtambua kwa kutazama nguo?

Sasa tuingie katika mafundisho yenyewe, maana hapa ndipo hadithi za ndugu wawili zinapoweza kutupoteza.

La kwanza, Shetani si ndugu wa Mungu. Mtu akisikia kila siku hadithi za ndugu wawili wenye nguvu sawa, huanza kufikiri kwamba mbinguni nako kuna wakubwa wawili, mmoja mwema na mmoja mbaya, wanaopigana bila kujulikana atakayeshinda. Kosa hilo ni la zamani sana. Mtakatifu Agostino, Mwafrika wa kaskazini aliyezaliwa mwaka 354 katika nchi iitwayo leo Algeria, alinaswa na kosa hilo ujanani mwake kwa muda wa miaka tisa hivi, akiwafuata watu walioitwa Wamanikei, waliosema kwamba mwanga na giza ni falme mbili zisizo na mwanzo. Alipotoka huko alifundisha kwa nguvu kwamba ubaya hauna ufalme wake tangu mwanzo; ubaya ni wema ulioharibika, kama vile kutu isivyoweza kuwapo pasipo chuma. Nao Mtaguso wa nne wa Laterano, mwaka 1215, ulitamka kwamba Shetani na mashetani wengine waliumbwa na Mungu wakiwa wema kwa asili, nao wakawa wabaya kwa kutaka kwao wenyewe. Kwa hiyo anayepigana na Shetani katika Kitabu cha Ufunuo si Mungu Baba, bali ni Mikaeli, malaika mwenzake aliyeumbwa kama yeye. Jina la Mikaeli ni swali: ni nani aliye kama Mungu? Basi kama mtataka kusema juu ya ndugu wawili mbinguni, semeni Mikaeli na Shetani, kiumbe na kiumbe. Mmoja alikubali kuwa kiumbe. Mwingine alikataa.

La pili, hakuna mwanadamu aliyezaliwa na Shetani. Katika mchezo ule mapacha wana damu ya shetani mishipani mwao. Hiyo ni hadithi, nasi tunaiacha iwe hadithi. Ninyi mnafundishwa juu ya dhambi ya asili, na wengine wenu hudhani kwamba dhambi hiyo ndiyo damu ya Shetani ndani ya mtu. La, hasha! Dhambi ya asili ni kukosa ile neema ambayo wazazi wetu wa kwanza waliipoteza, na jeraha lililobaki katika asili yetu. Asili yenyewe ni kazi ya mikono ya Mungu, nayo ni njema. Mtakatifu Yohane anaposema kwamba Kaini alikuwa wa yule Mwovu, aeleza papo hapo sababu: matendo yake yalikuwa mabaya. Hasemi kwamba Kaini alizaliwa na Mwovu. Eva alipomzaa alimshukuru Mungu kwa ajili yake. Na hata baada ya kumwua ndugu yake, Mungu alisema naye, akamtia alama ili mtu yeyote asimwue. Fikirini alama hiyo! Mwuaji wa kwanza duniani, na Mungu amkinga.

La tatu ndilo lililotufanya tuuchague mchezo ule badala ya mwingine. Katika sehemu yake ya tatu, iliyotoka mwaka 2005, ndugu wawili wapigana mpaka Vergil ashindwa, akasimama ukingoni mwa shimo la kuzimu. Anaanza kuanguka. Dante ananyosha mkono kumshika. Vergil anaukata upanga kiganja cha mkono ule, kisha anajiachia aanguke, akipenda kukaa kuzimu kuliko kuokolewa na mdogo wake. Baadaye mfalme wa mashetani alimfanya mtumwa, akamvika chuma mwili mzima, na watungaji wakampa jina lenye maana ya malaika mweusi. Alitafuta nguvu ili asitawaliwe na mtu, akapata bwana mbaya kuliko wote.

Wapenzi, watungaji wale hawakukusudia kuandika katekisimu, lakini kiganja kile kilichokatwa kinafundisha. Hivyo ndivyo ilivyo dhambi kubwa ya kiburi: Mungu ananyosha mkono, na mtu anaukata. Mnajua mkono gani uliochomwa kwa ajili yetu. Ila hapa iko tofauti kubwa kati ya malaika na mtu, ambayo lazima muishike. Malaika aliona yote kwa mara moja, akachagua kwa mara moja, na uchaguzi wake haugeuki. Kwa sababu hiyo mashetani hawatubu. Mtu huchagua leo, na kesho akiwa hai aweza kugeuka. Mwizi aliyesulibiwa pamoja na Yezu aligeuka saa ile ya mwisho. Basi usiseme kamwe juu ya mtu aliye hai kwamba amekwisha kuwa shetani. Hilo ni neno la mashetani peke yao.

Hata mchezo wenyewe umekiri hivyo, kwa namna yake ya ajabu. Katika sehemu ya tano, ya mwaka 2019, Vergil alitumia upanga wake kujipasua vipande viwili: akautoa utu wake nje, akabaki shetani mtupu mwenye nguvu. Kile kipande cha utu kikawa kijana mgonjwa anayetembea kwa fimbo, akikauka mwili kidogo kidogo. Na mwishowe kijana yule mdhaifu ndiye aliyekwenda kumtafuta yule mwenye nguvu ili wawe mmoja tena. Baadaye mwana wa Vergil, aitwaye Nero, alisimama katikati ya baba yake na baba yake mdogo akawazuia wasiuane. Hadithi haikumalizika kwa kichwa kukatwa. Tunasema kweli: kwa jambo hilo moja imeipita hadithi ya Nkongolo, ambayo sisi tumezoea kuisimulia kwa fahari na kushangilia pale kichwa kinapoanguka. Kalala Ilunga alikuwa na haki, wala hatumlaumu kwa kulikwepa shimo. Lakini ufalme ulioanza kwa kichwa cha mjomba si mfano wa kumpa mtoto.

Mtaniuliza, Padri, mambo haya ya panga na wafalme yanatuhusu nini sisi wa vijijini? Yanatuhusu sana. Hamjasahau miaka iliyoanza 2013, na hasa 2016 na 2017, wakati Waluba na Watwa wa mkoa wetu wa Tanganyika walipopigana kwa mishale na mapanga huko Manono, Kabalo, Nyunzu, mpaka katika vijiji vya Kalemie. Walikuwa majirani. Waliwinda mwitu mmoja na kuuziana nyama na mihogo. Visababu vilikuwa vingi, ardhi, ujira wa shamba, dharau ya miaka mingi, na mwaka 2016 hata ushuru wa viwavi. Viwavi, wapenzi! Vijiji vilichomwa, na watu kwa maelfu mengi wakakimbilia kambi zilizozunguka mji wa Kalemie, wakakaa chini ya nyasi na plastiki. Baadhi yenu mnaosoma ukurasa huu mlizaliwa upya katika kambi zile, kwa maana huko ndiko mliposikia Injili mara ya kwanza. Na ninyi mwajua ni maneno gani yaliyotangulia mishale. Kabla mtu hajamchoma jirani yake mshale humwambia kwanza kwamba yeye si mtu. Humwita mnyama, humwita shetani. Akisha kumwita hivyo, mkono hautetemeki tena, maana ni nani anayemhurumia shetani?

Wala si vita tu. Katika nyumba moja wapo ndugu wawili. Mmoja amepata kazi bandarini, watoto wake wanasoma. Mwingine ameshindwa, na mtoto wake amekufa kwa homa. Hayapiti majuma mawili ila neno limekwisha kutembea: yule ni mlozi, amemla mtoto. Au kinyume chake, tajiri humshuku maskini kwamba amemwonea wivu na kumroga. Mara nyingine humwangukia hata mtoto yatima, asiye na wa kumtetea, akafukuzwa nyumbani usiku. Hapo mmoja amejivika umalaika na mwenziwe amemvika ushetani, kama katika mchezo, ila hapa hakuna kitufe cha kuanza upya. Je, Shetani hayumo katika nyumba hiyo? Yumo. Lakini amekaa mahali ambapo hawamtafuti, ndani ya neno lile lililotembea. Jina lake katika Kigiriki maana yake ni msingiziaji. Kazi yake ya kwanza ni kumshtaki mtu, na kila amshtakiye ndugu yake kwa uongo amemsaidia kazi hiyo.

Sasa mtazameni Yakobo na Esau, mapacha wa Biblia, waliopigana tangu tumboni. Esau ndiye aliyezaliwa mwekundu, mwenye manyoya mwili mzima, mwindaji wa porini. Mtu akimtazama angemdhania yeye kuwa mwovu. Lakini aliyedanganya ni Yakobo. Alivaa nguo za ndugu yake, akajifunga ngozi za mbuzi mikononi, akamwibia baraka baba aliyekuwa kipofu. Biblia haifichi, ingawa Yakobo ni babu wa taifa la Mungu, na katika ukoo wake alizaliwa Mkombozi. Akakimbia miaka mingi. Aliporudi alisikia kwamba Esau anakuja kumlaki na watu 400, akaogopa sana, akagawanya mifugo yake na jamaa yake ili nusu ipate kuokoka. Usiku ule, akiwa peke yake kando ya kijito cha Yaboki, alishindana mieleka mpaka alfajiri na mmoja asiyemjua, ambaye nabii Hosea amwita malaika. Malaika hakushuka ili amsaidie kumpiga Esau. Alimshika Yakobo mwenyewe, akampiga nyonga, akambariki, akamwacha akichechemea.

Asubuhi kulipokucha Yakobo alikwenda akichechemea kumwelekea ndugu yake, akainama mpaka nchi mara saba. Na Esau mwekundu, yule wa kuogopwa, alipiga mbio, akamkumbatia, akamwangukia shingoni, wakalia wote wawili. Hapo Yakobo akasema neno ambalo nawaomba mlitafute wenyewe katika Kitabu cha Mwanzo, sura ya 33, mlisome polepole pamoja na katekista. Alimwambia ndugu yake kwamba kuuona uso wake ni kama kuuona uso wa Mungu. Jana yake tu uso uleule alikuwa akiuogopa kama mauti.

Imebaki niwaeleze jambo litakalowapata karibuni. Usiku wa Pasaka, kabla ya kumwagiwa maji, mtaulizwa mara tatu kama mnamkataa Shetani, na kazi zake, na fahari zake, nanyi mtajibu. Katika Kanisa la kale, kama alivyowaeleza Mtakatifu Sirili askofu wa Yerusalemu wabatizwa wapya wake katika karne ya nne, walioandaliwa walisimama wakielekea magharibi, upande wa giza jua linakotua, wakanyosha mkono na kumkataa Shetani kana kwamba amesimama pale mbele yao. Kisha waligeuka wakaelekea mashariki, upande wa mwanga, wakaiungama imani.

Nafikiri mara nyingi jinsi ingekuwa kwetu kama tungefanya vile leo. Mashariki yetu ni ziwa, na jua lapanda kutoka maji ya Tanganyika. Na magharibi? Magharibi ni barabara ya Nyunzu. Mkielekea huko na kunyosha mkono, macho yenu yatakutana na milima ya kwenu, na vijiji mlivyovikimbia, na watu waliowafukuza au mliowafukuza ninyi. Msimtafute Shetani katika barabara ile. Mnayemkataa hana kijiji wala kabila. Anakaa karibu zaidi, na ninyi peke yenu ndinyi mnaojua amepewa kiti gani nyumbani mwenu.

Basi siku zilizobaki za Kwaresima, kila mmoja wenu na amfikirie mtu ambaye amewahi kumwita mlozi, au nyoka, au shetani, kwa kinywa au kwa moyo. Kama yu hai na njia ipo, amwendee kabla ya Juma Kuu. Kama njia haipo, amtaje kwa jina katika sala ya jioni. Wakatekista wawaeleze vizuri yale maswali matatu, ili mtu asijibu kwa kufuata wenzake. Na usiku ule mtakapopangwa mstari mbele ya kisima cha Ubatizo, hamtapangwa kwa makabila. Mtapangwa jinsi mtakavyofika, Mtwa karibu na Mluba, Mtabwa nyuma yao, na kila mmoja atashikiliwa bega na msimamizi wake mpaka jina lake liitwe.